Maji ya Zambarau, Damu ya Runinga

Novemba 2014 runinga ya KTN ilipeperusha makala ya upekuzi kuhusu mhubiri Victor Kanyari, na Wakenya wakaonyeshwa kitu ambacho wanamazingaombwe wa dunia nzima hukilinda kama mboni ya jicho: yanayofanyika kabla watazamaji hawajaingia ukumbini. Ibada zenyewe tulikuwa tumeshazisikia. Muumini anaketi, miguu inatiwa kwenye maji, inaoshwa, maji yanageuka mekundu, na waumini wanaambiwa hiyo ni damu, ni laana inayotoka mwilini. Kipindi kile kilionyesha kwamba kilichogeuza maji ni potasiamu pamanganeti. Kilionyesha pia kwamba baadhi ya waliosimama kushuhudia uponyaji walilipwa kusimama. Aliyetaka maombi alitakiwa kwanza apande mbegu ya shilingi 310 kwa M-Pesa, tarakimu ambazo wengi walizihusisha na Malaki 3:10.

Huku kwetu Homa Bay na Migori, kama kwingineko nchini, 310 ikawa mzaha. Kondakta aliitaja akidai nauli, muuza omena aliitaja akikataa kupunguza bei. Tukacheka mwezi mzima, kisha tukasahau. Mhubiri mwenyewe ameendelea kuhubiri hadi miaka ya karibuni. Kinachoniudhi hadi leo ni kwamba tulipewa somo adimu kabisa, tena bure, kuhusu jinsi onyesho la kiinimacho linavyotengenezwa kwa ajili ya runinga, nasi tukachukua kichekesho tukaacha somo.

Naliita onyesho la kiinimacho kwa makusudi. Ukiliondolea maneno ya dini, lina kila kiungo cha fani hiyo: kifaa kilichotayarishwa mapema, mtu wa kupandikizwa katikati ya hadhira, kamera inayoelekezwa panapotakiwa, na msimulizi anayekuambia umeona nini kabla hujaamua mwenyewe.

Tuanze na kifaa. Pamanganeti haikutoka mbali. Kila mtahiniwa wa KCSE aliyefanya kemia anaifahamu, kwa kuwa imetumika katika mtihani wa vitendo mara nyingi. Hutiwa kwenye bureti na kudondoshwa tone kwa tone hadi rangi ya waridi igome kupotea. Ni punje nyeusi zenye mng'ao wa chuma. Dondosha punje moja kwenye bika la maji yaliyotulia, utaona nyuzi za zambarau zikishuka polepole hadi chini, kisha zinatawanyika na bika zima linakolea. Punje moja tu, na inafichika chini ya ukucha au katika pindo la taulo. Duka la dawa huiuza kwa bei ndogo kwa watu wa kulowesha miguu yenye vidonda na ukungu. Yaani ni dawa halali kabisa ya kuoshea miguu, na pengine ndiyo sababu beseni na miguu havikumshtua mtu.

Mtu makini angeweza kuitambua. Damu ikichanganyika na maji haitoi zambarau. Pamanganeti huacha madoa ya kahawia kwenye ngozi na kucha, na hayatoki kwa sabuni siku hiyo hiyo. Ila beseni likiwa la rangi, kamera ikiwa mbali, na sauti kwenye kipaza ikirudia "damu, damu", zambarau na wekundu ni vigumu kuvitenganisha. Maabara za sekondari kutoka Oyugis hadi Kehancha zina chupa ya kitu hicho kabatini. Tunawafundisha watoto kukokotoa molariti yake, halafu hatuwaambii kwamba kitu hicho hicho kimewahi kutumika kuwatoa watu pesa.

Wanaofanya fani hii kwa uwazi wamejua tangu zamani kwamba runinga ni mahali pa hatari kwa ukweli. Desemba 1975 Doug Henning, mwanamazingaombwe wa Kanada, alipofanya onyesho lake la kwanza kwenye NBC huko Marekani, alilifanya moja kwa moja, mbele ya watu ukumbini, ili mtazamaji wa nyumbani asishuku hila za kamera. Tangu hapo wengi wa fani hiyo wametoa ahadi kama hiyo: unachokiona nyumbani ndicho anachokiona aliye ukumbini. Ahadi nzuri, lakini haisemi lolote kuhusu aliye ukumbini ameketishwa wapi.

Aprili 1983 David Copperfield aliifanya Sanamu ya Uhuru ya New York itoweke mbele ya watu walioketi kwenye jukwaa la wazi, usiku. Maelezo yanayotolewa sana, ingawa mwenyewe hajayathibitisha, ni haya: pazia lilipofungwa kati ya minara miwili, jukwaa lenye watu lilizungushwa polepole, taratibu kiasi cha watu kutohisi kitu. Pazia lilipofunguliwa walikuwa wanatazama bahari na giza. Sanamu ilikuwa palepale ilipokuwa, pembeni yao. Kamera nazo zilizunguka pamoja na watu. Kwa hiyo hakukuwa na hila ya kamera, na bado kamera ndiyo iliyokamilisha hila. Hili nimeliwaza mara nyingi ninapotazama ibada za uponyaji runingani. Tunahangaika kuuliza kama picha imechezewa, ilhali swali la kuuliza ni nani aliyepanga viti.

Kuna tukio moja la fani hii ambalo silisimulii kwa raha. Tarehe 15 Aprili 1984, London, mchekeshaji na mwanamazingaombwe Tommy Cooper alikuwa kwenye kipindi kilichorushwa moja kwa moja kutoka ukumbi wa Her Majesty's. Mchezo wake wa siku hiyo ulihitaji joho kubwa. Alivishwa na msaidizi, akasimama mgongo kwenye pazia, na nyuma ya pazia alikuwa amejificha mtangazaji wa kipindi, Jimmy Tarbuck, akiwa na vitu vya kumpitishia katikati ya miguu, vikiwemo vikubwa visivyoweza kukaa ndani ya vazi, ili ionekane vinatoka johoni. Cooper akaishiwa nguvu. Akashuka taratibu hadi sakafuni, akaegemea pazia, akikoroma. Ukumbi ulicheka. Alikuwa mtu aliyejijengea jina kwa kuharibu mizungu yake, yaani hila zake za jukwaani, makusudi, basi nao wakadhani huo ni mzungu mwingine. Moyo wake ulikuwa umesimama. Matangazo ya biashara yakaingizwa, akavutwa nyuma ya pazia, na wasanii waliofuata wakatumbuiza mbele ya pazia hilo huku nyuma yake watu wakijaribu kumrejesha. Alikuwa na umri wa miaka 63.

Hadhira ile haikuwa na ukatili. Ilikuwa imefundishwa kwa miaka kwamba kila kinachotokea jukwaani ni mchezo. Hadhira zetu zimefundishwa kinyume chake: kwamba kila kinachotokea madhabahuni mbele ya kamera ni kweli. Jukwaa ndilo lililowaamulia wote cha kuamini.

Miaka miwili baadaye, 1986, Marekani ilipata Novemba 2014 yake. Mhubiri Peter Popoff alikuwa akijaza kumbi na kuonekana runingani akiwaita watu asiowajua kwa majina, akitaja magonjwa yao na mitaa wanayoishi. James Randi, mwanamazingaombwe aliyegeuka mpekuzi, aliona kitu ambacho mwanafani tu angekitafuta: mhubiri alikuwa na kifaa sikioni. Mponyaji mwenye kifaa cha kusikia! Wenzake Randi wakaenda na mtambo wa kunasa mawimbi ya redio, wakaipata sauti kwenye megahezi 39.17. Ilikuwa ya mke wa mhubiri, akimsomea kutoka nyuma ya jukwaa habari walizozikusanya kwa watu kabla ibada haijaanza. Randi akaipeleka kanda kwenye kipindi cha Johnny Carson, watu wakaitazama ibada ileile huku wakisikia sauti iliyokuwa sikioni. Mwaka 1987 huduma ya Popoff ikatangaza kufilisika. Baadaye alirudi runingani akiwa na maji ya miujiza, nalo pia tulijue: kumfichua mtu hakumfuti.

Lakini katika kisa hiki anayenivutia zaidi ni Carson, mwenye kipindi. Yeye mwenyewe alikuwa amefanya mazingaombwe ujanani. Mwaka 1973 alipomwalika Uri Geller, aliyedai kupinda vijiko kwa nguvu za akili, watu wa kipindi walimwuliza Randi wafanyeje. Jibu likawa rahisi: leteni vijiko vyenu, na asiruhusiwe yeye wala watu wake kuvigusa kabla. Geller akaketi mbele ya meza iliyotandazwa vifaa, dakika zikapita, hakikutokea kitu. Akasema hajisikii vizuri siku hiyo. Kituo hakikumtukana, hakikumkamata, hakikumnyima nafasi ya kusema. Kilileta vijiko vyake tu.

Siri ya kiinimacho imewahi kuwa silaha ya dola dhidi ya Waafrika, na tusiisahau tunapoambiwa ni burudani tu. Mwaka 1856 serikali ya Ufaransa ilimtuma Robert-Houdin, mwanamazingaombwe wake mashuhuri, hadi Algeria akawashinde kwa miujiza viongozi wa kidini waliokuwa wakiaminiwa na watu. Alikuwa na kasha dogo ambalo mtoto aliweza kulibeba. Akamwita mwanamume mwenye nguvu, akamwambia nguvu zake zimemtoka. Mtu yule akalishika kasha, likagoma kubanduka. Chini ya jukwaa kulikuwa na sumaku ya umeme. Kisha mkondo wa umeme ukapitishwa kwenye mpini, mtu mzima akaanguka akipiga kelele mbele ya watu wake. Huyo hakuwa mjinga. Sumaku ya umeme ilikuwa kitu ambacho watu wengi hawakukijua; aliyekuwa nayo alijua, asiyekuwa nayo hakuambiwa.

Sisi wa huku tuna miujiza yetu na sina nia ya kumnyang'anya mtu. Gor Mahia wa Kanyamwa, huko Ndhiwa, inasimuliwa alikuwa akijigeuza maumbo, leo kikongwe, kesho kitu kingine, na klabu ya soka iliyoundwa mwaka 1968 ikachukua jina lake. Ziwa Simbi Nyaima lina kisa cha bibi aliyenyimwa ukarimu na kijiji kikazama. Masimulizi hayo nimelelewa nayo na nitawarithisha wanangu. Hayajawahi kumtoza msikilizaji senti, wala kumwambia mgonjwa aache dawa za kituo cha afya.

Nilipokuwa shule ya msingi, alikuwa akija mwanamazingaombwe mwenye mfuko wa ngozi na shati la mikono mirefu. Tulimlipa sarafu chache, tukakaa kwenye nyasi. Alitafuna nyembe, moja baada ya nyingine, akazisukumia kwa uzi na maji kidogo, kisha akavuta uzi kutoka mdomoni, nyembe zikitoka zimetungwa kwa safu. Wapo waliolia. Wiki iliyofuata mwalimu wetu wa sayansi alituketisha akatueleza: nyembe zilizotoka zilikuwa zimetungwa tangu nyumbani, zimekunjwa kifurushi kidogo, butu, zimefichwa shavuni, zilizoingia ziliondoka pamoja na leso aliyojifutia mdomo. Akatuchorea ubaoni. Mwanamazingaombwe aliporudi muhula uliofuata, tulilipa tena. Safari hii tulitazama leso, na mkono wake ulikuwa mwepesi kiasi kwamba hatukuona chochote tulichoambiwa tukitazame. Tulimpigia makofi zaidi ya mara ya kwanza.

Ndiyo maana siwaelewi wanaodai kwamba kufichua kunaua fani. Mwaka 1997 Val Valentino alianza kufichua mizungu ya wenzake kwenye runinga ya Fox akiwa amevaa barakoa, na wanafani wakapiga kelele kwamba amewamwagia mchanga kitumbua. Fani haikufa. Mzungu wa kumkata mtu vipande viwili kwa msumeno, alioufanya P. T. Selbit jijini London Januari 1921, umeelezwa mara zisizohesabika, na bado unajaza kumbi. Kwenye vibanda vya video vya ufukweni, Mbita na Sori, kila mtoto anajua steringi hafi, na hakuna anayetoka nje kwa sababu hiyo.

Wanaokufa kwa kufichuliwa ni wengine. Nenda kituo cha mabasi cha Migori siku yenye watu, utakuta pata potea: karata tatu, kibao cha mbao, na vijana wanne wanaoshinda mfululizo. Wote wanne ni watu wa mwenye karata. Mtu akishaambiwa hivyo mara moja, akawatazama kwa dakika tano akiona pesa zinavyozunguka mikononi mwao, hachezi tena maishani. Wash wash nayo ni kemia. Mlengwa anaonyeshwa karatasi nyeusi, anaambiwa ni dola zilizopakwa rangi ili zipite mpakani, mojawapo inaoshwa mbele yake na inatoka dola halisi. Kwa kawaida noti hiyo moja ni ya kweli, imepakwa gundi na ayodini; dawa ya kuisafisha ni vitamini C iliyosagwa ndani ya maji. Zilizobaki ni karatasi tupu. Huku kwetu penye dhahabu ya Makalda na mpaka wa Isebania, pesa za ghafla hazimshangazi mtu, na mwizi analijua hilo.

Baada ya kipindi cha KTN serikali ilichukua njia yake. Mwanasheria Mkuu Githu Muigai alisimamisha usajili wa makanisa mapya, na Januari 2016 zikatokea kanuni za kutaka wahubiri wawe na masomo ya theolojia. Makanisa yakapinga, Rais Uhuru Kenyatta akaagiza mashauriano yaanze upya, kanuni zikakwama. Baada ya Shakahola mwaka 2023, ambako miili zaidi ya 400 ya waumini ilifukuliwa, mjadala ukafufuka. Mimi ni muumini na sitaki serikali ikae madhabahuni. Tena, cheti cha theolojia hakigundui pamanganeti. Aliyesoma Kigiriki cha Agano Jipya anaweza kuficha punje chini ya ukucha sawasawa na asiyesoma.

Ninachotaka kiko kwenye vituo vya runinga. Kituo kikiuza saa ya hewani kwa mtu anayeahidi kuponya, kimekuwa sehemu ya onyesho lake. Kimempa taa, kamera na heshima ya kuonekana baada ya taarifa ya habari. Basi kifanye alichofanya Carson. Beseni liletwe na kituo. Maji yatoke kwenye mfereji wa kituo, taulo liwe la kituo. Anayeshuhudia kwamba amepona aonyeshe karatasi ya hospitali ya kabla na ya baada, mbele ya daktari ambaye mhubiri hakumchagua. Mponyaji wa kweli hapotezi kitu kwa masharti hayo, na Mamlaka ya Mawasiliano inaweza kuyaandika katika ukurasa mmoja. Vituo vya redio vya lugha zetu, vinavyosikilizwa hadi ndani ya mitumbwi, navyo viulizwe nani anamlipa anayepiga simu kutoa ushuhuda.

Upande wa shule hatuhitaji kumsubiri mtu. Maonyesho ya sayansi na uhandisi ya shule hufanyika kila mwaka, yakipitia ngazi ya kaunti hadi ya taifa. Homa Bay na Migori zingeweza kutenga meza moja ya kiinimacho: sumaku ya Robert-Houdin, nyembe za uzi, karata tatu, beseni. Wanafunzi wafanye mzungu kwanza kwa ufundi wote, watu washangae, kisha waufungue.

Na walimu wa kemia wasingoje hata maonyesho hayo. Siku ya mkutano wa wazazi, kabla ya taarifa ya karo, wekeni beseni jeupe la maji mezani. Mwanafunzi aoshe mikono, maji yageuke. Mwacheni mzazi yeyote aseme anachokiona. Kisha mwanafunzi mwingine alete vidonge vya vitamini C vilivyosagwa na maji ya limau, amimine na kukoroga hadi zambarau yote iondoke na chini ya beseni paonekane. Mwenye duka la dawa atawauzia vyote viwili asubuhi hiyo. Halafu mwiteni mama mmoja kutoka kiti cha nyuma, apewe punje, na aufanye mzungu huo yeye mwenyewe mara mbili, ya kwanza haraka, ya pili polepole, akiwaeleza wenzake kwa Kijaluo au Kikuria mkono wake uko wapi.